Mwanzo mbaya na daftari la misimu iliyopita

Neno msimu lina kazi mbili katika vilima vya Gashoho, kaskazini-mashariki mwa Burundi. Mkulima hulitumia kuhesabu mvua: msimu A unaoanza Septemba, msimu B unaoanza Februari, na msimu C wa kiangazi, ambao hulimwa mabondeni penye unyevu. Shabiki wa mpira hulitumia kuhesabu pointi. Wote wawili hukutana na swali lile lile mwanzo unapoharibika. Mvua ya Septemba ikisita, au timu ikifungwa mechi mbili za kwanza, je, kuna sababu ya kuendelea kutumaini? Mkulima hulijibu kwa kurudi nyuma. Anakumbuka mwaka ambao mawingu yalichelewa na bado maharage yakakomaa. Anakumbuka pia mwaka ambao yalichelewa na shamba likaungua kwa jua. Kisha anaamua apande lini na apande nini. Hakuna anayemcheka kwa hilo. Huitwa mtu mwenye uzoefu. Shabiki akirudi nyuma vivyo hivyo, akasema hata mwaka ule tulianza hivi hivi, anaambiwa anajifariji. Hoja ya makala haya ni kwamba shabiki huyo anastahili heshima ile ile anayopewa mkulima, kwa sharti moja: alisome daftari zima la misimu iliyopita, zikiwemo kurasa zinazouma.

Daftari la shabiki wa Gashoho ni pana kuliko mipaka ya nchi yake. Eneo la Muyinga, iliko Gashoho, linapakana na Tanzania, na katika mpaka wa Kobero hupita bidhaa, lugha na habari za mpira. Mtu mmoja anaweza kuwa na timu nne moyoni na zisigombane: timu ya taifa iitwayo Intamba mu Rugamba; timu ya nyumbani, iwe Vital'O ya Bujumbura au Olympique Star ya Muyinga, Simba au Yanga ya Dar es Salaam, na moja ya Uingereza. Hizo za Dar es Salaam Warundi wana haki ya kuziita zao, maana wamezitolea jasho. Amissi Tambwe alikuwa mfungaji bora wa Ligi Kuu ya Tanzania msimu wa 2013/14 akiwa Simba, akarudia 2015/16 akiwa Yanga. Didier Kavumbagu aliifungia Yanga kabla ya kuhamia Azam. Saido Ntibazonkiza alivaa jezi za Yanga na za Simba, na msimu wa 2022/23 alimaliza na mabao 17, sawa na Fiston Mayele. Ndiyo maana mfano mzuri kuliko yote wa hoja hii unapatikana Dar es Salaam, na msomaji wa Muyinga hatauona kuwa habari ya ugenini.

METHALI ZINAZOGOMBANA

Anayembeza shabiki huyu huwa na methali mkononi: nyota njema huonekana asubuhi. Timu itakayofika mbali, anasema, hujionyesha mechi ya kwanza. Shabiki naye hana upungufu wa methali. Humjibu kwamba mwanzo wa ngoma ni lele. Wakifika hapo mazungumzo hukwama, kwa sababu methali mbili zenye nguvu sawa haziwezi kuamua kesi. Kila moja imetokana na jambo lililowahi kuonekana kwa macho. Hakuna iliyotuambia linaonekana mara ngapi. Kisha huja mtu wa tatu anayetaka amani, akasema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Maneno hayo ni mazuri kwa watu waliokoseana, lakini tuyapime kwa neno lake lenyewe, kuganga. Hakuna mganga wala daktari anayeanza kutibu kabla ya kuuliza maumivu yalianza lini, yamewahi kumpata mgonjwa hapo nyuma, na safari ile alipona kwa nini. Anayetaka kuganga yajayo hana budi kuyauliza yaliyopita. Kwa hiyo kesi ya nyota na ngoma tuipeleke mahali pekee inapoweza kuamuliwa, yaani kwenye matokeo yenyewe.

Tuanze na Simba ya msimu wa 2018/19 katika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Iliifunga JS Saoura ya Algeria mabao 3-0 nyumbani, kisha ikasafiri kwenda Kinshasa na kufungwa 5-0 na AS Vita, ikaenda Misri na kufungwa 5-0 na Al Ahly. Nusu ya safari ilikuwa imekwisha, timu ina pointi 3 na nyavu zake zimetikiswa mara 10 katika mechi mbili. Mtu aliyeyasoma matokeo hayo tu alikuwa na kila sababu ya kusema hapa hakuna timu. Lakini Februari 12, 2019, Meddie Kagere aliifunga Al Ahly bao pekee jijini Dar es Salaam. Na ingawa Simba ilipoteza tena 2-0 kwa JS Saoura ugenini, Machi 16 iliishinda AS Vita 2-1 kwa mabao ya Mohamed Hussein na Clatous Chama, la Chama likiingia dakika za mwisho. Ikavuka kwenda robo fainali ikiwa na pointi 9, zote za nyumbani, na tofauti ya mabao ya kutoa saba: ilifunga 6 na kufungwa 13. Aliyedhani kipigo cha mabao matano kina uzito kuliko kipigo cha bao moja alijifunza jambo. Kwa hesabu ya pointi, vyote viwili hugharimu tatu, na hakuna zaidi.

Miaka minne baadaye ukurasa ule ulifunguliwa tena. Februari 2023 Simba ilianza makundi kwa kufungwa 1-0 na Horoya mjini Conakry, na wiki moja baadaye ikafungwa 3-0 na Raja Casablanca, tena kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa. Mechi mbili, pointi sifuri, bao sifuri. Aliyesema tusubiri, tumewahi kutoka mahali pagumu, hakuwa akiota. Alikuwa na kumbukumbu ya 2019 mkononi. Simba ikaenda Uganda na kuifunga Vipers 1-0 kwa bao la Henock Inonga, ikairudia Vipers nyumbani 1-0 kwa bao la Chama, na Machi 18 ikaishushia Horoya mvua ya mabao 7-0, Chama akiondoka na matatu. Ilipofungwa 3-1 na Raja katika mechi ya mwisho haikuwa na hasara tena. Pointi zake 9 zilitosha. Robo fainali iliishinda Wydad 1-0 nyumbani, ikafungwa 1-0 ugenini, na ikatolewa kwa mikwaju ya penalti na klabu iliyokuwa bingwa mtetezi wa Afrika. Safari iliyoanza na sifuri iliishia penalti chache tu kabla ya nusu fainali.

Wakati Simba ikipitia hayo, jirani yake wa Jangwani, Yanga, alikuwa akiandika ukurasa wake. Katika Kombe la Shirikisho Afrika la msimu huo huo, Yanga ilianza makundi kwa kufungwa 2-0 na US Monastir nchini Tunisia. Baada ya hapo haikupoteza tena mechi ya kundi: iliifunga TP Mazembe nyumbani na Lubumbashi, ikamaliza kileleni, na ikafika fainali, ambako ilifungana mabao na USM Alger 2-2 kwa jumla na kulikosa kombe kwa kanuni ya bao la ugenini. Msimu uliofuata, sasa ikiwa Ligi ya Mabingwa, Yanga ilianza kwa kipigo cha 3-0 kutoka kwa CR Belouizdad, ikatoka sare na Al Ahly na Medeama, kisha ikaifunga Medeama 3-0 na kumlipa Belouizdad kwa 4-0. Ikavuka na pointi 8. Mashabiki wa Yanga na wa Simba hawakubaliani katika mengi, lakini katika kipindi cha miaka mitano wameshuhudia jambo moja: mlango wa robo fainali haufungwi Novemba wala Februari, mechi ya kwanza au ya pili inapoisha.

KURASA ZINAZOUMA

Hapa ndipo pingamizi zito kuliko yote linapoingia, na ni haki lisikilizwe. Msemaji wake atasema: umechagua misimu iliyoishia kwa furaha. Kumbukumbu ya shabiki ni chujio. Hushika waliofufuka na kuwapitisha waliokufa. Timu zilizoanza vibaya na kumaliza vibaya ni nyingi, ila hakuna anayesimulia habari zao, kwa sababu hakuna cha kusimulia. Pingamizi hili ni la kweli, na shabiki mwaminifu asilikwepe. Ajitolee mwenyewe kufungua ukurasa wa Yanga wa 2024/25. Timu ilianza makundi ya Ligi ya Mabingwa kwa kufungwa 2-0 na Al Hilal ya Sudan jijini Dar es Salaam, ikafungwa tena 2-0 na MC Alger nchini Algeria. Pointi sifuri, bao sifuri, kama Simba ya 2023. Kocha alikuwa amekwisha badilishwa, na kumbukumbu za misimu ya karibuni zikasambaa kama kawaida. Nazo hazikuwa porojo: Yanga ilitoka sare 1-1 na Mazembe kule Lubumbashi, ikaifunga Mazembe 3-1 nyumbani, ikaifunga Al Hilal 1-0 nchini Mauritania. Ikabaki mechi moja, dhidi ya MC Alger, jijini Dar es Salaam, ushindi tu ukihitajika. Ikaisha 0-0. Yanga ikamaliza na pointi 8, pungufu ya moja, na ikabaki nje.

Ukurasa huo unauma, na ndiyo maana una thamani kuliko nyingine. Uweke kando ya ule wa 2023/24 uone: pointi 8 zilizoivusha Yanga mwaka mmoja ndizo zilizoiacha nje mwaka uliofuata. JS Saoura nayo ilibaki nje na pointi 8 mwaka ule ambao Simba ilipita na 9. Kwa hiyo daftari likisomwa lote halisemi kwamba tutapita, wala halisemi kwamba tumekwisha. Linasema jambo jembamba zaidi na lenye manufaa zaidi: aliyeanza na sifuri katika mechi mbili za kundi amebakiwa na pointi 12 za kugombea, anahitaji takriban 8 au 9 kati ya hizo, na ikiwa ni 8 atahitaji pia wapinzani wake wadondoshane. Hayo ni matumaini yenye kipimo. Anayeyashika hatashangaa akitolewa, wala hataondoka uwanjani mapema timu ikiwa bado hai. Pingamizi la chujio, basi, halimnyang'anyi shabiki haki ya kutazama nyuma. Linamwamuru atazame kwa macho yote mawili.

Uingereza, ambako macho ya vijana wengi wa kwetu huelekea kila Jumamosi, inathibitisha hayo hayo kwa pande zote mbili. Manchester United ilifungwa mechi mbili za kwanza za msimu wa 1992/93, na ikamaliza bingwa kwa mara ya kwanza baada ya miaka 26. Crystal Palace ilipoteza mechi saba za kwanza za 2017/18 bila kufunga hata bao moja, kisha ikamaliza nafasi ya 11. Lakini Sheffield United ya 2020/21 ilipata pointi 2 katika mechi 17 za kwanza, ikashuka daraja ikiwa ya mwisho. Na kuna mfano wa katikati ambao mashabiki wa Arsenal wanaujua vizuri. Mwaka 2021 timu yao ilipoteza mechi tatu za kwanza, kwa Brentford, Chelsea na Manchester City, ikifungwa mabao 9 bila kufunga. Ilijiinua hadi nafasi ya tano na pointi 69, ikaikosa Ligi ya Mabingwa Ulaya kwa pointi 2 tu. Ligi ndefu huponya kidonda cha mwanzo, lakini kovu hubaki kwenye hesabu. Mechi moja kati ya zile tatu ingetosha kubadilisha mwisho.

MASWALI YA KULIULIZA DAFTARI

Pingamizi la pili linasema kwamba timu ya leo si timu ya juzi. Wachezaji wamehama, kocha ni mwingine, wapinzani wamebadilika, hivyo ya 2019 yanahusianaje na ya sasa? Jibu la kwanza ni kwamba mabadiliko hayo mara nyingi hukuzwa kuliko yalivyo: Chama aliyeizamisha AS Vita mwaka 2019 ndiye aliyeizamisha Horoya mwaka 2023, na Mohamed Hussein alikuwepo safari zote mbili. Jibu la pili ndilo la msingi. Anayelinganisha misimu kwa busara halinganishi jezi, analinganisha hali. Mkulima hasemi mvua itarudi kwa sababu ilirudi mwaka fulani. Anauliza kama upepo, mawingu na mwezi vinafanana na vya mwaka ule. Shabiki naye ana maswali yake. Tulipoteza wapi, ugenini au nyumbani? Tumebakiwa na mechi ngapi, na ngapi kati yake ni za kwetu? Wapinzani waliobaki ni wa namna gani? Na tangu tufungwe, nini kimebadilika?

Ukiyatumia maswali hayo, misimu iliyofanana juu juu huanza kutofautiana. Simba ya 2019 ilipopigwa mabao kumi ugenini ilikuwa bado haijapoteza hata pointi moja nyumbani. Akiba yake ilikuwa salama. Simba ya 2023 ilipoteza nyumbani kwa Raja, lakini mbele yake kulikuwa na mechi mbili mfululizo dhidi ya Vipers, klabu iliyokuwa ikicheza makundi kwa mara ya kwanza, tena kocha wa Simba, Roberto Oliveira, alikuwa ametoka Vipers mwanzoni mwa mwaka huo huo. Yanga ya 2024 ilianza kwa kupoteza nyumbani na haikuwa na mpinzani dhaifu wa kumtegemea. Mtu aliyeuliza maswali yale Desemba 2024 angesema nafasi ipo ila ni finyu kuliko ya Simba, na angekuwa amesema kweli. Kwa kulisoma hivyo, daftari linaacha kuwa hirizi ya kuvaa shingoni na kuwa chombo cha kazi.

Swali la mwisho, la nini kimebadilika, linajibu pia pingamizi la tatu, ambalo husemwa na watu wanaozipenda klabu zao kwa dhati. Wanahofu kwamba matumaini ni mto laini wa viongozi wazembe. Timu inafungwa, kiongozi anasimama na kusema tumewahi kutoka hapa, mashabiki wanatulia, na usajili mbovu unasahaulika. Hofu hiyo ina msingi. Lakini itazame misimu ile iliyogeuka: karibu kila mmoja una mtu aliyefanya jambo. Côte d'Ivoire, wenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika mwanzoni mwa 2024, walifungwa 1-0 na Nigeria, kisha 4-0 na Equatorial Guinea. Kocha Jean-Louis Gasset akaondoka kabla hata ya kujulikana kama timu imevuka, Emerse Faé akapewa kazi, timu ikapita kwa tundu la sindano kama mshindi wa tatu bora, ikawatoa Senegal, Mali na Kongo ya Kinshasa, na Februari 11 ikaifunga Nigeria ile ile 2-1 na kutwaa kombe. Palace ilimbadilisha kocha baada ya mechi nne. Manchester United ilimleta Eric Cantona Novemba 1992. Kwa hiyo kiongozi anayeutaja msimu wa zamani amejifungulia kesi mwenyewe. Anastahili kuulizwa: mwaka ule walifanya hivi, ninyi mmefanya nini? Mkulima anayekumbuka mvua iliyochelewa hushika jembe. Hakai barazani akisubiri kumbukumbu imlimie.

Liko pia jambo ambalo halipaswi kufichwa, kwa sababu linagusa mifuko ya vijana. Vituo vya kubashiri mechi vimeenea katika miji ya Afrika Mashariki, na kumbukumbu ya timu iliyofufuka ni chambo kizuri. Mtu akishaamini kwamba timu yake lazima izinduke, huiwekea pesa ya ada au ya mbolea. Daftari lililosomwa kwa haki linamkataza, maana limemwonyesha pointi 8 zikivusha mwaka mmoja na kufungia nje mwaka wa pili. Matumaini ya shabiki ni ya kumfanya abaki na timu yake, apige makofi, aje uwanjani wakati viti viko wazi. Hayakuumbwa yawe dhamana ya mkopo. Anayeyageuza kuwa dau ameyatwisha mzigo ambao historia haijawahi kukubali kuubeba.

UKURASA WA INTAMBA

Sasa turudi nyumbani, kwa timu ambayo hoja hii inaipima kwa ukali kuliko zote. Intamba mu Rugamba, mbayuwayu walio vitani, hawana misimu mingi ya ushindi ya kuegemea. Mwaka 1993 walifika karibu kabisa na Kombe la Mataifa ya Afrika la 1994 nchini Tunisia, wakatolewa na Guinea kwa mikwaju ya penalti. Oktoba mwaka huo huo Rais Melchior Ndadaye aliuawa na nchi ikaingia katika vita vya miaka mingi. Kwa kizazi kilichofuata, kumbukumbu ya penalti zile ilikuwa zaidi ya mpira. Ilikuwa moja ya picha za mwisho za nchi iliyokuwa ikishangilia pamoja. Mtu angeweza kusema kwamba ukurasa ule ni wa kushindwa tu, hauna cha kumpa shabiki. Lakini ulibeba ushahidi mmoja: timu ya Burundi inaweza kufika mlangoni. Machi 23, 2019, jijini Bujumbura, sare ya 1-1 na Gabon, kwa bao la Cédric Amissi, iliufungua mlango huo. Chini ya kocha Olivier Niyungeko, Burundi ilimaliza mechi zote sita za kufuzu bila kufungwa, ikishinda mbili na kutoka sare nne. Miaka 26 ilikuwa imepita tangu zile penalti.

Kule Misri, kwenye fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika katikati ya 2019, mambo yalikuwa magumu: 1-0 kwa Nigeria, 1-0 kwa Madagascar, 2-0 kwa Guinea, na safari ikaishia kwenye kundi bila bao. Wapo wanaoisoma mechi hizo tatu kama hukumu. Usomaji huo hauna haki. Timu iliyofungwa kwa bao moja na Nigeria na kwa bao moja na Madagascar iliyofika robo fainali ilikosa kidogo, wala haikukosa kila kitu. Hata hivyo maswali ya daftari hayampi Mrundi faraja ya bure. Tuliuliza kuhusu mechi za nyumbani, na jibu la Intamba linasikitisha: katika miaka ya karibuni timu imelazimika kucheza nchi za watu mechi nyingi zinazoitwa za nyumbani, kwa kukosa uwanja unaokidhi viwango vya CAF, chombo kinachosimamia soka la Afrika. Tumeona kwamba pointi 9 za Simba mwaka 2019 zilitoka zote nyumbani, na kwamba Burundi yenyewe ilifuzu mbele ya watu wake. Basi historia inamwelekeza shabiki aidai serikali na shirikisho uwanja, kabla ya kumdai mshambuliaji bao. Anayesema mpira hauna somo kwa viongozi hajalisoma daftari.

Na linabaki jambo moja ambalo linaihusu Gashoho moja kwa moja. Shabiki wa hapa anaweza kukutajia aliyeifunga AS Vita mwaka 2019 na idadi ya pointi za Arsenal mwaka 2022, kwa sababu mechi hizo zilionyeshwa, zikaandikwa na kurudiwa. Ya kwake mwenyewe yanamponyoka. Vijana wangapi wanajua kwamba Vital'O ilifika fainali ya Kombe la Washindi Afrika mwaka 1992, ikatoka sare ya 1-1 na Africa Sports jijini Bujumbura kabla ya kufungwa Abidjan? Au kwamba mwaka 2013 klabu hiyo hiyo ilitwaa Kombe la Kagame nchini Sudan kwa kuifunga APR ya Rwanda 2-0 katika fainali? Nchi isiyoandika misimu yake huwalazimisha watu wake kuazima matumaini kwa jirani, na cha kuazima hakistiri vizuri. Ikiwa hoja ya makala haya ina ukweli, kwamba tumaini la haki hutoka kwenye matokeo yaliyohifadhiwa, yakiwemo mabaya, basi kuyahifadhi ni kazi ya mpira kama ilivyo kazi ya kufunga mabao. Kila uwanja wa vumbi wenye ligi ya vijana, Gashoho ukiwemo, unahitaji mtu mmoja mwenye daftari la kurasa 96 na kalamu, anayeandika tarehe, timu mbili, mabao na wafungaji. Siku timu ya hapo itakapoanza msimu kwa vipigo viwili, watoto wasiulize Simba ilifanya nini. Wafungue ukurasa wao, wasome wakubwa wao walianguka wapi, waliinuka vipi, na mwaka gani hawakuinuka. Kisha wafunge kamba za viatu waende kwenye mechi ya tatu.